Pikipiki zenye paa na tairi tatu: usafiri wa mjini wa kesho, au vituko?

Mkata_Foleni
Wakuu, naleta hoja, naomba tusianze kwa kuchekana. Kwa nini pikipiki haibadiliki? Injini katikati, tairi mbele, tairi nyuma, mtu juu, jua lake na mvua yake. Wenzetu walishajaribu vingine. BMW mwaka 2000 walileta C1, skuta ya cc 125 yenye paa, kioo cha mbele na wipa, fremu ya alumini inayomzunguka dereva na mikanda ya kujifunga. Ujerumani watu waliruhusiwa kuipanda bila kofia ngumu. Mwaka 2006 Piaggio wakatoa MP3, tairi mbili mbele lakini bado inalala kwenye kona. Japani, Honda Gyro Canopy yenye paa inasambazia watu pizza tangu miaka ya 90. Na San Francisco kulikuwa na Lit Motors, hao walionyesha kitu cha magurudumu mawili kilichofunikwa chote, kinajisimamisha kwa jairoskopu, yaani gurudumu linalozunguka kasi ndani yake na kukizuia kisianguke.

Sasa rudi Dar. Masika, vumbi, foleni ya Ubungo, na kila aliyepata vijisenti anakimbilia gari ya watu watano aiendeshe peke yake. Mimi nasema usafiri binafsi wa mjini utatoka kwenye pikipiki, hautatoka kwenye gari. Na abiria wa boda ataacha kuloa. Anayepinga ajitokeze.

Kijiwe_Buguruni
Nimejitokeza. Kwenye hiyo C1 abiria anakaa wapi?

Mkata_Foleni
Kuna kiti cha nyuma, kilikuwa kinauzwa kama nyongeza.

Msomi_Mtaani
Malizia basi mkuu. Kiti kipo, ila kiko nje ya paa. Dereva ndani kafunga mkanda, abiria nyuma yuko hewani na kofia ngumu lazima avae.

Kijiwe_Buguruni
Yaani mteja aloe, mimi nikauke? 😂😂 Na nauli nimdai. Siku hiyohiyo kijiwe kizima kinanifukuza.

Fundi_Spana_Tandika
Naongea kama fundi. C1 ilikuwa na kilo 185 kabla hujaipanda. Boxer, hizi za boda, haifiki 130. Na uzito wa paa uko juu, pale pabaya kabisa. Ukisimama kwenye taa ukainamisha kidogo tu, unaisikia inakuvuta. Kuna kijana wa kusambaza vyakula aliniletea pikipiki nimchomelee paa, bomba na turubai. Nilimwambia sitaki, akasisitiza, nikamchomelea. Alikuja mwenyewe nikalikate. Kwenye daraja la Tanzanite upepo wa baharini ulikuwa unamhamisha upande bila yeye kugusa usukani, na lori likimpita Morogoro Road ndio kabisa. Paa ni tanga jamani. Chombo cha tairi mbili hakitaki tanga.

Mkata_Foleni
Fundi, bomba na turubai si BMW. Wale walipima.

Msomi_Mtaani
Walipima, na hata hawakuiunda wao, iliundwa na kiwanda cha Bertone cha Italia. Na pamoja na kupima kote, haikudumu sokoni, miaka miwili mitatu wakafunga. Waingereza waliwagomea, wakasema kofia ngumu ivaliwe humohumo ndani. BMW wakawaeleza kwamba mtu aliyefungwa mkanda mabegani, ukimwongezea uzito kichwani shingo ndiyo inaumia. Hawakusikia.

Na kuhusu hoja yako kubwa, hiyo ndoto ilishaotwa. Baada ya vita, Ulaya ilijaa vigari vilivyozaliwa na pikipiki. Isetta ya Iso, 1953, mlango uko mbele usoni, BMW wakachukua leseni wakaanza kuiunda 1955 wakaitia injini ya pikipiki. Messerschmitt KR200, 1955, mnakaa mmoja mbele ya mwenzake na inaongozwa kwa usukani wa mikono miwili kama pikipiki. Mafuta yalipokuwa shida baada ya mgogoro wa Mfereji wa Suez, 1956, watu walivigombea. Halafu ikaja Fiat 500 mwaka 1957, Mini 1959, na watu wakapata pesa. Basi. Vikafa. Mtu akipata pesa hataki paa la pikipiki, anataka gari. Nijibuni hapo.

Nduthi254
Nyinyi mnajadili BMW ya 2000, sisi huku Kenya paa tuliweka kitambo bila kungoja Mjerumani. Mwavuli ule mrefu umefungwa kwenye nduthi, yaani pikipiki, unafunika dereva na abiria, shilingi chache tu. Mambo ya upepo unapunguza mwendo. Wacha niseme ukweli, pikipiki haina shida yoyote, shida ni abiria. Hasa hawa akina mama wa kukaa upande. Breki kidogo ashaenda chini, halafu lawama kwa dereva.

Dada_wa_Kimara
Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa nimeguswa. "Akina mama wa kukaa upande." Unadhani tunakaa upande kwa raha? Nimevaa sketi ya ofisini, au baibui, au nina mtoto mgongoni. Kiti chenu kimepangwa kwa mwanaume mwenye suruali, nikipanua miguu barabarani kijiwe kizima kinanikodolea macho, nikikaa upande mnasema nitaanguka. Nichague lipi?

Kijiwe_Buguruni
Dada usikasirike, ila abiria wa upande kweli anasumbua. Uzito unaegemea upande mmoja, siwezi kulaza kona.

Dada_wa_Kimara
Kona unailaza ya nini na mama wa watu nyuma? Uko mashindanoni?

Kijiwe_Buguruni
Niwahi abiria mwingine. Hesabu ya tajiri mwenye pikipiki jioni inakusubiri wewe?

Nduthi254
Mimi nimesema ukweli tu. Takwimu ziko.

Dada_wa_Kimara
Zilete.

Nduthi254
Google.

Dada_wa_Kimara
Sawa, kumbe huna.

Bahari_Simba
Mada imeshakufa hii 😂 Mkata_Foleni kakaa pembeni na jairoskopu lake.

Mzee_wa_Vespa
Nawasalimu kutoka Unguja. Mmenichekesha. Mke wangu amekaa upande kwenye Vespa yangu tangu tuoane, na mama yangu alikaa upande kwenye Vespa ya baba, na hapana aliyeanguka. Mwendo wa ustaarabu tu.

Lakini kijana aliyeanzisha, umeiruka Vespa, na hiyo ndiyo pikipiki ya ajabu iliyofanikiwa kuliko zote ulizozitaja. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki alizichukia. Aliziona chafu, zinamwaga mafuta kwenye nguo, unalazimika kurusha mguu juu kuzipanda. Kwa hiyo mwaka 1946 akachora chombo ambacho mwanamke mwenye gauni anapanda kwa kupitisha mguu mbele. Injini akaificha, mnyororo akauondoa kabisa, bati la mbele likakinga matope. Gurudumu la mbele likashikwa upande mmoja tu kama la ndege, ukipata pancha unalitoa kama la gari. Hayo yote aliyafanya kwa kuwafikiria hao hao mnaowatukana hapa.

Dada_wa_Kimara
Shikamoo mzee. Umeniokoa.

Mzee_wa_Vespa
Marahaba mwanangu.

Kijiwe_Buguruni
Shikamoo mzee, ila Vespa kwa barabara ya Kitunda mvua ikinyesha? Tairi zile ndogo? Inazama mpaka taa.

Fundi_Spana_Tandika
Kijiwe kasema kweli, tairi ndogo na makorongo haviendani. Ila na dada ana hoja na hamuijibu. Nguo kuingia kwenye cheni na spoku ndiyo ajali ninayoletewa pikipiki zake, damu ipo kwenye rimu. Khanga ikishika inavuta mtu mzima. India sheria inadai kila pikipiki iwe na pa kushika abiria, pa kuwekea miguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya tairi la nyuma, kile chuma wanachokiita cha sari. Boxer zetu zinatoka India hukohuko. Nyingi kile chuma hakipo, na ambayo kipo ikianguka mara moja kinapinda, kijana anakuja "fundi kata, kinanisumbua kufunga mizigo".

Kijiwe_Buguruni
Kwani uongo? Ndoo za maji nafungia wapi?

Mkata_Foleni
Wakuu, tunaweza kurudi kwenye tairi tatu? MP3 inafaa Dar kuliko hata Paris. Huku tatizo letu ni mchanga juu ya lami. Tairi mbili mbele, moja ikiteleza nyingine inashika. Wafaransa wameipenda kwa sababu ile yenye tairi zilizoachana zaidi unaiendesha kwa leseni ya gari. Maana yake wenye magari ndio wamehamia kwenye pikipiki. Msomi, hilo linajibu Isetta yako.

Msomi_Mtaani
Halijibu. Wamehamia kwa sababu Paris maegesho ni shida na petroli ni ghali, tena wana gari nyumbani kwa ajili ya wikiendi. Bei ya MP3 moja huku unanunua Boxer kadhaa. Nani atampa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, MP3?

Mkata_Foleni
Mimi sijasema deiwaka. Nimesema usafiri binafsi.

Kijiwe_Buguruni
Hapo sasa umetuonyesha. Deiwaka hastahili? Kumbe mada ilikuwa ya wenye ofisi Masaki, abiria wa boda ulimtaja kupamba tu.

Mkata_Foleni
Mkuu usinilishe maneno.

Kijiwe_Buguruni
Nimenukuu. "Sijasema deiwaka." Panda juu usome.

Tegeta_Mwisho
Samahani naingia nyuma ya muda. Tairi tatu mbona zipo? Inaitwa bajaji 😅

Mkata_Foleni
Bajaji sio pikipiki.

Fundi_Spana_Tandika
Aliyekwambia nani? Usukani wa mikono, klachi na gia mkono wa kushoto, injini ya silinda moja. Nikiifungua sioni gari, naona skuta iliyoongezewa kiti cha abiria. Na asili yake ndiyo hiyo, Piaggio walichukua Vespa wakaiongezea tairi nyuma, 1948, wakaiita Ape. Bajaj wa India nao walianza kwa kuunda Vespa kwa leseni. Wewe unasubiri usafiri wa mjini uzaliwe na pikipiki, umezaliwa zamani, uko kituo cha Mwenge unaita abiria.

Mkata_Foleni
Bajaji hailali kwenye kona. Ndiyo maana zinapinduka. Chombo chembamba kisicholala lazima kiwe pole au kianguke, ndiyo sababu ya MP3 kuumbwa vile. Mimi nazungumzia kinacholala.

Fundi_Spana_Tandika
Hilo nakubali. Mbele tairi moja, nyuma mbili, ukikata usukani na abiria wanne lazima upande mmoja unyanyuke. Lakini mvua hainyeshei mtu, na dada wa Kimara anakaa anavyotaka.

Dada_wa_Kimara
Na napanda bajaji nikiwa na pesa. Nikiwa nimechelewa napanda boda, kwa sababu bajaji inakwama kwenye foleni ileile ya magari. Kila kinachoongezwa paa na upana kinanenepa mpaka kinakwama. Mimi nadhani ndiyo mtihani wenyewe. Kipite pembeni ya daladala la sivyo hakina kazi.

Goma_Yetu
Banandugu, miye natoka Goma. Munaongea juu ya machini ya ajabu na hamujataja chukudu. Iko ya mbao, magurudumu mbili ya mbao, bamevalisha mpira ya tairi ya zamani, mutu anapiga goti juu, mguu mumoya unasukuma. Ku muteremuko inakimbia vibaya. Inabeba makala, viazi, simenti. Hata muji uko na sanamu yake ya rangi ya zahabu. Hakuna Bertone, hakuna mafuta, na kama inavunjika seremala anatengeneza.

Tegeta_Mwisho
Heshima kwako ndugu 👏 niliiona kwenye picha nikadhani ni utani.

Nduthi254
Hiyo ni baiskeli ya Flintstones bwana, ile katuni ya watu wa zama za mawe.

Goma_Yetu
Inasomesha batoto. Yako ya mwavuli inasomesha banani?

Msomi_Mtaani
😂😂 254 leo si siku yako.

Wakati mnachekana, niseme hivi. Mnabishania umbo, umbo limekwisha. Tofauti inayokuja iko kwenye betri. Kigali, Ampersand wanabadilisha betri kama unavyobadilisha mtungi wa gesi, unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa, umeondoka. Na tangu Januari 2025 pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria mle Kigali lazima iwe ya umeme. Nairobi kuna Roam wanaunda za kwao. Ukiondoa tangi, klachi, gia na bomba la moshi linalounguza akina dada ndama za miguu, una nafasi ya kupanga kiti upya. Mchoraji yuko huru kuliko alivyokuwa tangu 1946. Cha ajabu bado wanatuletea umbo lilelile la Boxer, wameweka betri palipokuwa na injini.

Nduthi254
Kwa sababu wateja wanataka hilo umbo. Nduthi lazima ibebe gunia, kitanda, mbuzi, watu watatu. Leta kitu chenye umbo la yai uone kama kuna mtu wa stage, kijiwe cha nduthi, atakigusa. Za umeme mimi naziona, mwendo ni mzuri, hazina kelele, gharama ya siku iko chini. Shida ni ukiwa mbali na kituo cha betri. Unarudi unaisukuma.

Kijiwe_Buguruni
Mimi niwaambie dizaini mpya ni ipi. Nilichukua pikipiki ya mkataba kwa kampuni moja ya mikopo, jina silitaji. Imefungwa kifaa. Nilichelewa rejesho kwa sababu mtoto aliumwa, nikiwa na abiria njiani wakaizima wakiwa ofisini kwao. Ikasimama pale pale. Abiria akashuka hakunilipa, nami nimekaa pembeni ya barabara na chombo kizima, mafuta yamo, hakiwaki. Mnaongelea paa. Mimi naongelea pikipiki inayotii mtu asiyeipanda.

Bahari_Simba
Duh. Hiyo si ndiyo mkataba ulisaini lakini?

Kijiwe_Buguruni
Wewe mkataba wa kurasa zile umewahi kuusoma wote?

Bahari_Simba
Nauliza tu mkuu.

Msomi_Mtaani
Na za umeme hilo litakuwa rahisi zaidi, maana mara nyingi betri haiwi yako kabisa. Unamiliki fremu na tairi.

Mkata_Foleni
Hili sasa ni la mikopo, si la muundo. Mimi mleta mada naomba turudi.

Dada_wa_Kimara
Mleta mada, ndilo hilohilo. Umeuliza kwa nini pikipiki haibadiliki. Anayeipanda kutwa haimiliki, anayeimiliki haipandi, na mimi nakaa nyuma sihesabiki popote, hata Bertone alinisahau nje. Nani kati yetu atamwambia kiwanda abadilishe kiti?

Nduthi254
Dada leo umeamka kweli.

Dada_wa_Kimara
Na takwimu zako bado nazisubiri.

Fundi Spana, mdogo wangu ana Boxer, anambeba mama kwenda kliniki. Unaweza kumwekea kile chuma cha kukinga tairi, na pa kuwekea miguu yote miwili kwa mtu anayekaa upande?

Fundi_Spana_Tandika
Naweza. Naweka kibati kirefu upande wa kushoto, miguu yote inakaa, na wavu unaofunika spoku mpaka juu ya cheni. Aniletee asubuhi, jioni anaondoka nayo. Asipakie mzigo upande huo tu. Na Kijiwe lete yako, nakufanyia kwa bei ya ujirani, uone kama akina mama hawataanza kukuchagua.

Kijiwe_Buguruni
Natamani. Ila wale jamaa wa mkataba wamekataza kuchomelea kitu chochote, wanasema naharibu mali yao.

Fundi_Spana_Tandika
Hatuchomelei. Nakifunga kwa nati nne. Wakija kukagua unakifungua unakiacha kijiweni.

Mkata_Foleni
Na paa?

Fundi_Spana_Tandika
Paa hapana.